Injili Ilivyopokewa Gendia

Novemba 1906 wamisionari Waadventista Wasabato, A. A. Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland (Malawi ya leo), walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Walijifunza Kijaluo, wakafundisha. Hata hivyo ubatizo wa kwanza ulikuwa 1911.

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba Mumbo, nyoka mkuu wa ziwani, amemwagiza kuikataa dini ya wageni. Neno hilo lilienea Nyanza ya Kusini. Vita vilipofika Kisii, Septemba 1914, misheni ziliporwa.

Wazee wale tusiwahukumu upesi: walimwona mhubiri na mtoza kodi wakija kwa njia moja. Baadaye shule ya Kamagambo, Migori, ilitoa walimu, wana wa wazee wale wale.