Ritifaa na Ulizo: Historia ya Parameta katika Hifadhidata

Karani wa masjala anayeingiza jina Murang'a katika kompyuta hafanyi kosa lolote la tahajia. Hata hivyo, katika lugha ya SQL, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga data ya maandishi. Iwapo programu imeliunganisha jina hilo na matini ya ulizo, hifadhidata huisoma "Murang" kuwa data, na kinachobaki hukichukua kuwa sehemu ya amri, ulizo hukwama. Mwenye hila naye huweza kuandika, baada ya ritifaa, amri aitakayo yeye. Makala hii inadai kwamba dawa ya tatizo hili ilikuwapo kabla tatizo lenyewe halijatangazwa, na kwamba iliachwa kwa sababu ya urahisi.

Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walitoa SEQUEL, lugha iliyokuja kuitwa SQL. Katika mradi wa System R, sentensi za lugha hiyo zilipachikwa ndani ya programu, na thamani zinazobadilika zilipitishwa kwa vigeu vya programu hizo. Sentensi ilitafsiriwa kwanza, thamani ilifuata. Lengo kuu lilikuwa kasi, lakini data haikupata nafasi ya kugeuka amri.

Mwaka 1997 toleo la 1.1 la Java lilileta JDBC. Humo ulizo lilikuwa objekti: mwanaprogramu aliweka alama ya kiulizo mahali pa thamani, kisha akaikabidhi thamani hiyo kwa setString au setInt ya PreparedStatement. Kando yake, hata hivyo, palikuwa na Statement iliyopokea matini yoyote. Mlango salama na mlango wazi vilijengwa ukuta mmoja, na huo wazi ulihitaji mistari michache zaidi ya msimbo.

Desemba 1998 Jeff Forristal, kwa jina la rain.forest.puppy, alieleza udhaifu huu katika jarida la Phrack. Wakati huo waandishi wa PHP waliotumia MySQL walikuwa na mysql_query, iliyopokea matini tu. Mysqli ilikuja na PHP 5 mwaka 2004. Katikati palitumika "magic quotes", kiraka kilichotia mkwaju mbele ya kila ritifaa, ambacho mara nyingi kiliacha majina yamehifadhiwa na mikwaju yake. Kiliondolewa mwaka 2012. Kizazi kizima cha wanaprogramu kilikuwa kimekwisha kujifunza kuunganisha matini.

Gharama yake ilionekana Uingereza mwaka 2015, data za wateja 156,959 wa TalkTalk zilipofikiwa kupitia kurasa za zamani zilizorithiwa kutoka kampuni iliyonunuliwa mwaka 2009. Faini ilikuwa pauni 400,000.

Kwa washauri wa sera, jaribio la kuandika Murang'a katika mfumo unaonunuliwa ni la manufaa, ila halitoshi: mfumo unaolipokea jina hilo huenda umerudufisha ritifaa tu. Ni lazima msimbo usomwe. Tena parameta hubeba thamani pekee; jina la jedwali au la safu haliwezi kupitishwa hivyo, na hapo hulazimu kuchagua kutoka orodha iliyokwisha kuidhinishwa.