Taji na Shamba la Bibi

Binti mmoja wa hapa Kibiti, ambaye bibi yake nimefahamiana naye miaka mingi, alinijia jioni moja akiwa na daftari mkononi. Baada ya kuniamkia alieleza shida yake. Alikuwa ameingia katika shindano la urembo, na kila mshiriki alitakiwa kutaja jambo moja la kijamii atakalolipigania endapo atashinda. "Babu," akaniuliza, "nichague lipi? Wenzangu wamechukua UKIMWI na elimu ya mtoto wa kike. Mimi nataka mikoko. Nasikia majaji wanapenda mazingira."

Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye, na ilinipasa nilifikirie kwanza.

Shindano la Miss World lilianzishwa London mwaka 1951, na wasichana walipita mbele ya watu katika mavazi ya kuogelea. Mwaka 1970 wanawake waliolipinga waliingia ukumbini wakarusha unga jukwaani, wakisema binadamu hapangwi kama ng'ombe mnadani. Miaka miwili baadaye, 1972, shindano hilo lilijipatia kauli mbiu ya Urembo wenye Lengo. Tangu hapo mrembo hakutosha kuwa mrembo tu. Alitakiwa pia kuonyesha atamfaa nani.

Kwetu swali hilo lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Theresa Shayo alivikwa taji la Miss Tanganyika. Baada yake mashindano yakapigwa marufuku. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa vita. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na ninakiri kwamba nilishangilia. Tuliuliza kwa kiburi cha ujana: taji hili linamsaidia nini mkulima? Hatukujiuliza kama kumfukuza dada yetu barabarani kwa sababu ya sketi kulimsaidia mkulima huyohuyo.

Mashindano yalirudi mwaka 1994, na Aina Maeda akawa Miss Tanzania. Kwa maoni yangu, lile swali letu la zamani lilirudi pamoja nayo, ila sasa linaulizwa na majaji, na msichana hupewa dakika chache tu za kulijibu.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nikiwatazama walioendelea na kazi baada ya taa za ukumbi kuzimwa, naona kwamba jambo lao liliwagusa wao wenyewe. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alikuja kusimama hadharani kueleza ugonjwa wa endometriosisi, ambao tishu mfano wa zile za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake na kuleta maumivu makali. Ni maradhi yaliyomtesa mwenyewe kwa miaka mingi, na wanawake wengi walikuwa wakiyaficha. Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa mwaka 2007, alimpoteza mama yake katika ajali ya meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, naye akiwa mtoto. Baadaye alianzisha taasisi ya kuwasaidia wasichana wasome. Sijui yaliyomo moyoni mwake, lakini mtoto aliyebaki bila mama hahitaji kufundishwa na jaji maana ya kusoma kwa shida.

Na mikoko je? Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuchimba humo mabwawa ya kufugia kambamiti yenye maelfu ya hekta. Baraza la mazingira la taifa lilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikauidhinisha mwaka 1997. Wananchi wa Delta walikwenda mahakamani, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, na mabwawa yale hayakujengwa. Hawakuitetea mikoko kwa kuwa ni mizuri pichani. Humo ndimo kambamiti na samaki wao hukulia, na ndimo watu hupata nguzo za nyumba.

Lakini watu haohao hulima mpunga, na mashamba mengine yamo mahali palipokuwa na mikoko. Zaidi ya mara moja wameamriwa kuyaacha. Bibi yake huyu binti ni mmoja wa wakulima hao. Kwa hiyo mjukuu alikuwa anajiandaa kusimama jukwaani, kwa kupigiwa makofi, kuwalaani wanaofyeka mikoko, bila kujua kwamba anamlaani aliyemlea.

Lawama hii sikumtwika peke yake. Kwa miaka mingi nilisahihisha insha za utunzaji wa mazingira, nikampa alama nzuri kila aliyeandika kwamba misitu ni uhai. Sikuwahi kuandika pembeni kwa wino mwekundu: uhai wa nani, na nani atalala njaa?

Aliporudi nilimwambia hivi: "Mjukuu wangu, usichague jambo kama unavyochagua kitambaa dukani. Panda boti Nyamisati, nenda kwa bibi, kamsomee hotuba yako."

Alikaa huko siku nne. Aliporejea alikuwa amefuta kurasa mbili. "Bibi anasema mikoko ikiisha samaki nao wataisha, hilo analijua kabla yangu. Lakini anauliza, akiacha mpunga mwaka huu, watoto watakula nini? Sasa babu, nitasema nini mbele ya majaji?"

"Sema hivyohivyo."

Alisema hivyohivyo, na taji likaenda kwa mwingine. Pengine majaji walitaka jibu, naye aliwapelekea swali. Hata hivyo naamini kwamba jambo la kijamii lililo la kweli ni lile unaloweza kulisema mbele ya wanaolibeba bila kuinamisha uso.

Wiki mbili baadaye nilimwona stendi ya Kibiti, akisubiri gari la Nyamisati. Daftari lilikuwa kwapani.