Helikopta za uokoaji vitani: Funzo la Mlima Elgon

MLIMA Elgon, unaoonekana kutoka Kitale na sehemu za Bungoma, una kilele cha mita 4,321 upande wa Uganda. Misitu na mapango yake huonyesha kwa nini si kila helikopta inayofaa kuokoa askari vitani.

Machi 2008, jeshi la Kenya lilianzisha Operesheni Okoa Maisha dhidi ya wapiganaji wa SLDF, kundi lililozuka kutokana na mzozo wa ardhi ya Chebyuk. Helikopta zilitumiwa pamoja na askari wa nchi kavu. Kamanda wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo.

Hitaji la kwanza ni nguvu. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu mita 1,900. Kadiri mwinuko na joto vinavyozidi, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Mapanga hupungukiwa uwezo wa kuinua uzito, nayo injini hudhoofika. Kuelea mahali pamoja ili kumvuta majeruhi kwa winchi huhitaji nguvu zaidi kuliko kusonga mbele.

Tatizo hilo ni la kale. Aprili 1944, nchini Burma, rubani Mmarekani Carter Harman aliwaokoa watu wanne nyuma ya majeshi ya Japani. Helikopta yake ya Sikorsky ilimudu abiria mmoja tu kila safari.

Pili ni vifaa: winchi, machela, tabibu, bunduki, kinga ya risasi na miwani ya kuonea gizani. Makomando hushushwa haraka na ndege kuondoka. Mwokoaji hulazimika kukaa juu ya adui. Hata hivyo, kila kilo ya kinga hupunguza mafuta au nafasi ya majeruhi.

Milima haina huruma. Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka Mlima Kenya. Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wenzake tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Wawili walinusurika.

Tatu ni imani ya raia. Mwaka 2008 shirika la Human Rights Watch lililaumu jeshi kwa mateso katika Mlima Elgon, jeshi lilikanusha. Rubani haoni aliye chini ya msitu mnene. Mwenyeji anayeogopa mlio wa helikopta hatamwonyesha alipo majeruhi.