Nasaba ya Washirazi wa Kilwa na Suala la Mama

Katika miji ya kale ya pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Komoro, ziko koo ambazo huhesabu mababa zao mmoja baada ya mwingine hadi kumfikia mwana wa mfalme aliyetoka Shiraz, nchi ya Uajemi, yapata miaka elfu moja iliyopita. Koo hizo hujiita za Washirazi. Kwa muda mrefu dai lao limewagawanya wanahistoria: wapo waliolipokea kama lilivyo, na wapo waliolikataa kabisa. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa za kielimu.

Chanzo kikuu ni tarikh ya Kilwa, iliyohifadhiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya Kireno. João de Barros alipata habari za wafalme wa Kilwa akazifupisha katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya Asia, kilichochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni ya Kiarabu. Nakala yake ya karne ya 19 ilipelekwa London kutoka Zanzibar, na Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Kwa mujibu wa Barros, Ali alikuwa mmojawapo wa wana saba wa mfalme wa Shiraz. Ndugu zake walizaliwa na mama wa nasaba bora ya Kiajemi, bali mama yake yeye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ndugu wakamdharau, naye akaondoka kwa njia ya Hormuz kutafuta makao penginepo. Katika maandishi ya Kiarabu anayeondoka ni baba mwenyewe pamoja na wanawe sita, kwa merikebu saba, baada ya kuota panya mwenye pua ya chuma aliyekuwa akitafuna kuta za mji. Mama wa Kihabeshi hatajwi.

Maandishi hayo yote mawili yana asili yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, yaani karne tano baada ya mambo yanayosimuliwa. Wakati huo haukuwa wa utulivu. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa akauteka nyara, kisha akamweka katika kiti cha enzi Muhammad Ankoni, tajiri asiyekuwa wa damu ya kifalme. Swali la nani anastahili kutawala likawa swali la kila siku, na orodha ya wafalme ikawa hoja ya kisiasa. Tena nasaba yenyewe ilikuwa imekwisha kukatika zamani: tangu mwisho wa karne ya 13 Kilwa ilitawaliwa na nyumba nyingine, ya Mahdali, iliyojinasibisha na Mtume. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake kwa masharifu waliomjia kutoka Hijazi na Iraki. Shiraz, mji alioufahamu vizuri, hakuihusisha na Kilwa.

Shiraz yenyewe haina bandari. Iko milimani, na biashara yake ya baharini ilipita Siraf, kwenye Ghuba. Katika karne ya 10 na nusu ya kwanza ya karne ya 11 nchi ile ilitawaliwa na wafalme wa Buwayh, nao tarikh haiwataji kabisa. Kwa hiyo mtu anayelitafuta jina la ukoo wake katika nyumba ya kifalme ya Uajemi hukuta mlango umefungwa. Lakini Ali hakuwa mtu wa ndoto tu. Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka yapata mwaka 1200, na kufikiri kuwa watu wake walitoka pwani ya Banadir, si moja kwa moja Uajemi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilionekana hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi za fedha, pamoja na dinari za Wafatimiya. Miongoni mwa majina yaliyopigwa juu yake limo la Ali bin al-Hasan, na tarehe yake ikalazimika kurudishwa nyuma hadi karne ya 11. Sarafu humtaja yeye na baba yake. Hazisemi kwamba baba alikuwa mfalme, wala wapi.

Wakati wa ukoloni tarikh hii ilitumiwa vibaya. Misikiti na majumba ya mawe, wakasema wengi, ni kazi ya wageni, na Mwafrika alikuwa mtumishi tu katika mji wake. Huko Zanzibar jina la Mshirazi likapata uzito mwingine. Katika sensa ya 1924 maelfu walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika ile ya 1931 jina hilo lilibaki kwa wachache, na hesabu ya Washirazi ikapanda. Watu hawakuwa wamebadilika. Kilichobadilika ni faida na hasara ya kuitwa hivi au vile mbele ya serikali iliyowapanga raia kwa makabila. Mwaka 1957 jina hilo likaingia katika chama cha Afro-Shirazi. Ndiyo maana wataalamu wa miaka ya 1980, kama James de Vere Allen na Thomas Spear, walipoandika kwamba Ushirazi ni lugha ya heshima na madaraka kuliko kumbukumbu ya safari kutoka Uajemi, maneno yao yalipokelewa kama ukombozi. Na kwa kiasi kikubwa walistahili kusikilizwa.

Walikuwa pia na hoja ya umbo la hadithi. Katika masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907, mgeni Mshirazi anamkuta Mrimba, mwenyeji wa kisiwa. Anamwoa binti yake, anakinunua kisiwa kwa nguo, na baadaye mjukuu anakabidhiwa mamlaka na babu yake mzaa mama. Msomaji wa Katanga hatakosa kumkumbuka Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyemzaa Kalala Ilunga kwa dada yake Nkongolo, na ufalme wa Waluba ukaanza upya. Hadithi zinazofanana hivi, mbali hivi, hutia shaka: huenda ni kanuni ya kueleza utawala, si habari ya mambo yaliyotokea.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Songo Mnara na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba watu wa Afrika na wa Asia walianza kuchanganyika yapata mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Asia ilikuwa ya Uajemi, pamoja na kidogo ya Bara Hindi. Asili ya Arabuni iliongezeka baada ya 1500. Vinasaba ambavyo baba huwarithisha wana wa kiume vilikuwa vingi vya Kiajemi. Vile ambavyo mama peke yake huwarithisha watoto vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika.

Umbo la hekaya, basi, halikuzuia habari kuwa ya kweli. Hata hivyo matokeo haya yasichukuliwe kupita mipaka yake. Makaburi mengi yaliyofukuliwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, na hayawezi kuwasemea wote. Mfupa huonyesha asili ya Uajemi. Hauonyeshi taji, wala haumtofautishi mwana wa mfalme na nahodha wa Siraf.

Kuna na hesabu ambayo wenye nasaba hawaipigi. Miaka elfu moja ni takriban vizazi 30. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na katika kizazi cha 30 nafasi za wahenga hupita bilioni moja, idadi kubwa mno kuliko watu wote wa pwani wa wakati ule. Wahenga wale wale hujirudia mara nyingi. Ikiwa Ali aliacha uzao uliodumu, yaelekea karibu kila ukoo wa kale wa pwani unatoka kwake, kwa mama au kwa baba, pamoja na zile koo zisizojiita za Washirazi. Na zote zinatoka kwa Mrimba vilevile. Orodha ya mababa huchagua mstari mmoja kati ya mistari hiyo yote. Barros bado aliusikia mwingine, uliopitia kwa mtumwa wa Kihabeshi. Maandishi ya Kiarabu hayakuuhifadhi.