Kuhesabu Mizani Jela

Siku hizi kila mtu anakuambia ujitunze. Pumua polepole, kunywa chai yako bila haraka, andika mawazo yako kwenye daftari, chora, fuma, imba. Ushauri wenyewe si mbaya. Lakini unavyouzwa, utadhani ni jambo lililoingia nchini juzi pamoja na simu, na ati huwezi kuanza bila mshumaa wenye harufu ya waridi. Mimi nikitaka kujua kama jambo lina uzito, huuliza: liliwahi kumfaa mtu asiyekuwa na kitu? Kwa hili, historia ya Kenya ina jibu, na jibu lenyewe liko jela.

Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Aliilaumu serikali ya KANU kwa jinsi ilivyokibana KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga. Alikuwa na miaka 22. Akashikwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972. Kamiti alifungiwa peke yake. Kuandika hakukuruhusiwa, basi akaandika kwenye karatasi ya chooni. Mashairi yakatolewa nje kwa siri, na mwaka wa 1973 yakachapishwa kama diwani, *Sauti ya Dhiki*. Mwaka wa 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Kisa hiki wengi wanakijua kama kisa cha siasa, na ni cha siasa kweli. Lakini kuna swali dogo ambalo watu hulipita: kwa nini mashairi ya arudhi? Mtu amefungiwa peke yake, kuta nne, taa, mlango. Kwa nini ajiongezee masharti?

Hebu chukua tarbia, shairi la mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16: 8 upande wa kwanza, 8 upande wa pili. Mishororo minne, mizani 64 kwa ubeti mmoja. Halafu kuna vina vya kati na vya mwisho, navyo havikubali neno lolote tu. Ukijaribu kutunga ubeti kama huo kichwani, utaona kitu: akili haipati nafasi ya kuzurura. Huwezi kuhesabu silabi na wakati huohuo urudie mara ya mia yale uliyoambiwa na hakimu. Wanaofundisha utulivu wa akili leo wanakuambia uhesabu pumzi. Washairi wa pwani walikuwa na mizani. Na faida nyingine: kilichopimwa kwa mizani na vina hukaa kichwani. Askari akipekua seli, atachukua karatasi. Shairi hataliona.

Hakuwa wa kwanza kuandika kifungoni. Miaka 16 kabla ya waraka ule, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, mwandishi Gakaara wa Wanjau alikamatwa na kupelekwa kizuizini. Alipitishwa kambi kadhaa, ikiwemo ile ya kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na kwa siri akawa anaandika shajara kwa Kikuyu. Shajara haihitaji vina. Inahitaji uangalie siku yako: nani kaletwa leo, nani kaugua, tumekula nini. Wakoloni walitaka siku zote za kizuizini zifanane, mtu apotee ndani yake. Yeye akazipa kila moja sura yake. Kitabu kilitoka mwaka wa 1983, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma.

Kisha tukapata uhuru na jela zikabaki. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake Limuru, baada ya tamthilia *Ngaahika Ndeenda* iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Naye akaletwa Kamiti, naye akatumia karatasi ya chooni, akaandika riwaya *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Hati hiyo ilinyakuliwa kwenye msako, baadaye ikarudishwa. Fikiria kazi ya miezi mingi kuondoka mkononi mwa mtu asubuhi moja, naye bado yuko palepale seli.

Nikiwaweka watatu hawa pamoja, naona kujitunza kwao hakukuwa kujisahaulisha. Hakuna aliyeandika ili ajisikie vizuri tu. Diwani ya Abdilatif inaitwa sauti ya *dhiki*, haiitwi sauti ya faraja. Walilitazama jambo lililowauma, wakalipa umbo. Na walikuwa na msomaji akilini, hata kama hawakujua lini atafikiwa.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundisho ya siku hizi. Kazi niliyokuwa nayo miaka michache iliyopita, mshahara ulichelewa miezi miwili. Sisi tukauliza. Tukaletewa mtaalamu wa kutufundisha kupumua. Alikuwa mama mpole, na kupumua kwenyewe kulinisaidia, sitadanganya. Ila kodi ya nyumba haikulipika kwa pumzi. Mtu akikupa zoezi la utulivu badala ya haki yako, hajakutunza, amekunyamazisha. Wafungwa hawa watatu walifanya kinyume: utulivu wao ndio uliowawezesha kuendelea kusema.

Tangu wakati ule nimekuwa na desturi ndogo. Nikiwa kwenye matatu, foleni imekwama Thika Road, natunga ubeti mmoja. Nahesabu kwa vidole juu ya goti. Konda akiniangalia vibaya, aniangalie. Siku nyingine napata mshororo mmoja tu na vina vimekataa. Beti nyingi ni mbovu na hazitachapishwa popote. Lakini nikishuka, ninajua ni nini hasa kilichoniudhi siku hiyo, na mara nyingi ninajua pia ni nani wa kumwendea kesho nikamwambie.

Ubeti hautoi mtu jela. Abdilatif alimaliza miaka yake yote 3. Kilichotoka naye mwaka wa 1972 ni akili yake ikiwa bado yake, na mashairi. Kwa hiyo ukitaka kuanza, huhitaji kununua kitu. Chukua jambo moja linalokuuma, kisha uanze kuhesabu: moja hadi nane, halafu nane nyingine.