Mtoto wa Utamaduni wa Tatu

Mtoto wa utamaduni wa tatu ni yule aliyetumia sehemu kubwa ya miaka yake ya kukua nje ya utamaduni wa wazazi wake, kwa kuwa kazi ya wazazi iliwapeleka ugenini. Dhana hii ilianza na Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani. Katika miaka ya 1950 yeye na mumewe, John Useem, walikwenda India kuchunguza maisha ya Wamarekani waliofanya kazi huko, wakiwamo wamisionari. Waliona kwamba watu hao hawakuishi kama wenzao waliobaki Marekani, wala hawakuishi kama Wahindi. Walikuwa wamejijengea maisha yao wenyewe, yenye desturi zake na mahusiano yake. Hayo ndiyo yaliyoitwa utamaduni wa tatu, na watoto waliokulia humo wakabeba jina hilo. Kitabu cha David Pollock na Ruth Van Reken, kilichotoka mwaka 1999, kililisambaza jina hilo mbali zaidi. Van Reken alilifahamu jambo lenyewe kwa kuliishi, maana alizaliwa Nigeria katika familia ya wamisionari.

Utamaduni wa kwanza ni ule wa wazazi, wanakotoka. Wa pili ni wa wenyeji, wanakoishi. Wa tatu ni maisha ya wale wanaopita kati ya hizo mbili, na hayo ndiyo anayoyajua mtoto. Kuna sharti jingine linalotenga istilahi hii na nyingine zilizo jirani: familia inatarajia kurudi siku moja. Mtoto wa mhamiaji ameletwa ili akae na aote mizizi. Mtoto wa mmisionari huambiwa tangu akiwa mdogo kwamba kwao ni kwingine, hata kama hakukumbuki.

Mfano ni Louis Leakey, aliyekuja kujulikana kwa uchimbuzi wake wa mabaki ya kale huko Olduvai, Tanzania. Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kianglikana. Alicheza na watoto wa Kikikuyu, akasema Kikikuyu kama wao, akapitia jando pamoja na rika lake. Utotoni mwake alijijengea nyumba yake mwenyewe akawa anaishi humo. Mwaka 1919 familia ilirudi Uingereza, naye akiwa na miaka 16 akapelekwa shule ya bweni. Kijana aliyezoea kujitegemea sasa alipangiwa hata saa ya kulala. Michezo waliyoijua wenzake tangu utotoni hakuijua. Rangi na jina vilimtambulisha kuwa ni wa hapo, na kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumwelekeza kama anavyoelekezwa mgeni.

Hapo ndipo istilahi hii inapotusaidia kuwaelewa watoto wadogo. Mzazi mmisionari anapohama, anaacha kwao na kwenda ugenini. Mtoto aliyehamishwa akiwa na mwaka mmoja au miwili hana kumbukumbu ya huko kwa wazazi. Kwake nyumbani ni pale alipo yaya wake, mbwa wake na mwembe anaoupanda. Siku wazazi wanaposema kwa furaha kwamba wanarudi nyumbani, yeye ndiye anayeondoka nyumbani. Safari ni moja, lakini mzazi anashangilia na mtoto anaomboleza, tena anaomboleza bila maneno kwa kuwa umri haujampa maneno hayo.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka 1996 Umoja wa Misioni wenye makao makuu Wuppertal, Ujerumani, uligeuka kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na dayosisi kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zimo. Kupitia ushirika huo wachungaji wa Kitanzania nao hutumwa kuhudumu Ujerumani, wengine na familia zao. Chukua mtoto wa miaka minne anayetoka Bukoba. Amefunzwa kumwamkia kila mkubwa shikamoo, kupokea kitu kwa mikono miwili na kuinamisha macho anaposemeshwa. Anaingia chekechea ambako watoto humwita mlezi kwa jina lake la kwanza na kumtazama usoni. Mlezi anaweza kudhani mtoto huyu ana woga au ana jambo analolificha. Huenda akakaa kimya kwa miezi, akisikiliza tu. Wataalamu wa lugha wanakijua kipindi hicho, na si dalili ya upungufu wa akili. Nyumbani anaweza kurudia kukojoa kitandani, kususa chakula au kumng'ang'ania mama. Baada ya miaka michache amekizoea Kijerumani na amezoea kutazamana macho kwa macho. Akirudi Bukoba anamwita babu mdogo kwa jina, na bibi anauliza mtoto huyu kalelewa na nani. Kalelewa vizuri, katika utamaduni wa tatu.

Pollock alipendekeza hatua nne kabla ya kuhama: kupatana na uliokosana nao, kuwashukuru waliokufaa, kuaga, na kuanza kuiwaza sehemu uendako. Kwa mtoto mdogo hatua ya kuaga ndiyo yenye uzito. Aage watu, kisha aage na chumba chake, kuku wake na mti wake, kwa kuvitaja kimoja kimoja. Aruhusiwe kubeba kitu anachokichagua mwenyewe, hata kama ni kikombe kilichopasuka. Na asikatazwe kulia kwa kuambiwa kwamba huu ni wito wa Mungu, kwa sababu wito huo waliupokea wazazi.

Je, Kiswahili kiseme nini? Jina "Mtoto wa ughaibuni" ni fupi, ila linawajumuisha pia wasiotarajia kurudi. "Mtoto wa tamaduni mbili" linaficha kiini chenyewe, kwani wapo waliolelewa na tamaduni mbili katika mtaa mmoja bila kuhama. Na kwa kundi pana la wote waliokua wakivuka mipaka ya tamaduni, twaweza kusema "watoto wa tamaduni mtambuka". "Mtoto wa utamaduni wa tatu" lina kasoro moja: sikio linaweza kulishika kama daraja la chini, hasa kwetu tuliozoea kuitwa Dunia ya Tatu. Hata hivyo naliunga mkono. Figa la tatu si duni kuliko mawili ya kwanza, na bila hilo chungu hakikai. Tulitumie jina hili makanisani, mashuleni na kwenye semina za wanaotumwa, na litangulie safari badala ya kuja baada ya machozi. Mzazi anayelijua atajizuia kumuuliza mwanawe kwa nini hafurahii kurudi nyumbani, na badala yake atamuuliza ni nani anayemkumbuka zaidi, kisha amsaidie kumpigia simu.