Karani na Wajukuu Wake: Utumishi wa Serikali katika Kumbukumbu za Familia za Tanga

Babu aliyekuwa karani wa serikali ana nafasi ya pekee katika masimulizi ya familia nyingi za Tanga, Muheza na Pangani, na nafasi hiyo haieleweki bila kwanza kueleza kazi yenyewe. Karani alikuwa mtumishi aliyeajiriwa kuandika barua, kutunza madaftari, kupokea fedha na kutoa stakabadhi, na mara nyingi alikuwa ndiye Mwafrika pekee katika ofisi aliyejua yaliyokuwamo ndani ya faili. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890 ili kupata watu wa namna hiyo, kwa kuwa utawala wao uliendeshwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya akida, yaani ofisa aliyewekwa juu ya majumbe wa vijiji kadhaa ili kukusanya kodi na kuamua kesi ndogondogo. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilihitaji daftari la majina, na daftari lilihitaji mwandishi. Hivyo tangu mwanzo kazi iliyompa karani heshima ilikuwa pia kazi iliyomfanya aogopwe.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliwakuta makarani hao, wakawaongezea wengine waliosomea katika shule za misheni, wakiwamo waliopitia Kiungani huko Unguja. Miongoni mwao alikuwa Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, ambaye mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga. Chama hicho kilikusudia kuwaweka pamoja Wakristo wa shule za misheni na Waislamu wa shule ya serikali, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana leo, kwa sababu makundi hayo mawili yaligombea meza zilezile. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda, na kwa makarani wa wakati wake safari hiyo ilikuwa dalili kwamba kalamu ingeweza kumfikisha mtu mahali ambapo ukoo peke yake usingemfikisha.

Hata hivyo ukoo haukuachwa nyuma. Mshahara wa karani ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa Mzungu au Mhindi aliyefanya kazi ya namna hiyo, lakini ulikuwa fedha taslimu iliyoingia kila mwezi, na katika jamii ya wakulima na wavuvi fedha ya namna hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ilitakiwa ilipe kodi ya kaka, mahari ya mdogo wake, ada ya shule ya mtoto wa dada na nauli ya mgonjwa wa kwenda hospitali. Uhamisho, yaani amri ya kuhamia kituo kingine, ulizidisha mzigo huo na kubadilisha sura ya familia: karani aliondoka na mkewe na masanduku ya bati, akaongozana na wapwa aliokuwa akiwasomesha, na watoto wake wakazaliwa katika vituo mbalimbali, mmoja pwani, mwingine bara, wakikua na Kiswahili kama lugha ya nyumbani hata pale wazazi walipokuwa na Kibondei, Kisambaa au Kidigo. Waandishi wengi hutaja shule na magazeti wanapoeleza kuenea kwa Kiswahili Tanganyika. Nyumba ya karani aliyehamishwa-hamishwa inastahili kutajwa pamoja navyo.

Mfano unaofahamika kuliko yote ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kitongoji cha Machui, karibu na Tanga. Alianza ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akabaki humo hadi 1944, kisha akapitia idara nyingine na kumalizia katika ofisi ya upimaji ardhi mjini Tanga mwaka 1960, miaka miwili kabla ya kufariki. Mtu aliyetukuzwa kama mshairi alikuwa kwa zaidi ya miaka 30 mtumishi wa ngazi ya chini. Utenzi wa Hati, alioutungia binti yake, na Utenzi wa Adili, alioutungia mwanawe, ni nasaha za mzazi kwa watoto, na msisitizo wake juu ya utii, adabu na uaminifu unakaribiana sana na sifa ambazo ofisi ilizidai kwa mtumishi. Pengine si sahihi kusema kwamba ofisi ilimfundisha maadili hayo, kwa kuwa tenzi za wazazi kwa watoto ni desturi kongwe ya pwani, lakini hapana shaka kwamba mambo hayo mawili yaliimarishana.

Utumishi huo ulikuwa na mipaka yake. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa, na mwaka uliofuata, chama cha TANU kilipoanzishwa, kila karani alilazimika kuamua. Wachache waliacha kazi, akiwamo Rashidi Kawawa, ambaye alikuwa kiongozi wa chama cha watumishi kabla ya kuingia katika harakati za wafanyakazi. Wengi walibaki, kwa kuwa nyuma ya kila mshahara palikuwa na ada za watoto wa watu watano, na baada ya Uhuru ndio waliokabidhiwa ofisi zilizoachwa na Wazungu.

Karani aliyestaafu alirudi kwao na kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo anayopewa mtumishi anapomaliza kazi, akajenga nyumba ya bati, akawa mshauri wa msikiti au kanisa na mwandishi wa barua za majirani. Katika kipindi hicho ndipo alipokuwa babu, na hapa desturi ya utani ina uzito kuliko kawaida inavyopewa. Utani ni uhusiano unaoruhusu watu kutaniana bila kuudhiana, na baina ya babu na mjukuu ni kanuni: babu humwita mjukuu wa kike mchumba wake, na mjukuu wa kiume humwona babu kuwa mwenzake wa kushindana naye. Kuadibu ni kazi ya mzazi. Babu ameondolewa mzigo huo. Kwa hiyo karani aliyekuwa mkali kwa wanawe, aliyewaamsha alfajiri na kukagua kucha zao kama alivyokaguliwa yeye, hubaki katika kumbukumbu za wajukuu kuwa mzee mpole wa barazani mwenye peremende katika mfuko wa koti. Wanaosimulia habari zake leo, zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru, kwa kiasi kikubwa ni wajukuu hao, na upole unaosimuliwa ni wa kweli, ila ni wa umri mmoja tu wa maisha yake.

Babu huyo hutajwa pia siku ya hitima, kisomo cha kumrehemu marehemu, na jina lake hupewa mtoto anayezaliwa baadaye, ili liendelee kuitwa nyumbani. Daftari la kodi halitajwi. Katika masimulizi ya familia karani alilipia watu kodi; ni nadra kusikika kwamba aliandika pia majina ya walioshindwa kulipa, wakapelekwa kufanya kazi za barabara. Hilo si udanganyifu wa familia, kwa kuwa hata jirani aliyeandikwa katika daftari hilo huenda ndiye aliyemwendea karani huyohuyo jioni amwandikie barua ya kuomba muda zaidi. Mwanahistoria anayetaka upande wa pili hana budi kwenda kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, ambako mafaili ya wilaya yamehifadhiwa. Huko atakuta saini ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, chini ya barua ambazo mara nyingi zilipigwa taipu na karani ambaye jina lake halikuandikwa.